Mstari Ambao Sikuutembea

Ukipewa picha ya angani, usikimbilie kutazama milima. Tafuta vivuli kwanza. Vikishaonekana, geuza karatasi mpaka vivuli viangukie upande wako, kama vile jua liko mbele yako na wewe umekaa kivulini. Ukiishika kinyume macho yatakugeuzia dunia. Mlima utakuwa bonde, mto utapita juu ya kilele, na wewe utaapa kwamba unaona sawasawa.

Hilo nililijifunza siku yangu ya kwanza kazini, mwishoni mwa miaka ya sitini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Mwalimu wangu wa kazi alikuwa Mzee Mutiso, mchoraji ramani kutoka Machakos, mtu mfupi aliyevaa kofia ya sufu hata juani. Aliniwekea picha mbili za mahali pamoja chini ya stereoskopu, kile chombo cha lenzi mbili kinachosimama mezani kwa miguu mifupi. Ukitazama kwa utulivu, picha mbili huungana zikawa moja na ardhi ikainuka.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Naona bonde refu, mzee. Lina kingo kali."

"Ni wapi hapo?"

Nikasoma maandishi pembeni. "Manga."

"Wewe umezaliwa wapi?"

"Kebirigo."

"Na ukiwa kwenu Manga unaiona?"

"Kila asubuhi, nikipanda kidogo."

"Na kila asubuhi ni bonde?"

Makarani wawili walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mutiso hakucheka. Aligeuza picha juu chini, akaniambia nitazame tena, na lile genge la Manga nililolijua tangu utotoni likasimama mbele yangu.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoingia kazi hii sasa, mlio na vyeti na mashine. Mimi nina miaka arobaini na minane na goti moja zima. Goti la pili lilibaki kaskazini. Kazi niliiacha kwa sababu yake, nikarudi Kebirigo kwenye chai na migomba. Mke wangu husema mtu aliyezoea kutembea hawezi kufundishwa kukaa, na kweli wiki haipiti sijafika Keroka au Keumbu bila shughuli yoyote ya maana. Lakini leo mvua inanyesha, kwa hiyo nimekaa.

Watu huuliza mafuta yanahusiana nini na Kisii. Hayahusiani. Kampuni yetu ilitafuta mafuta kaskazini na mashariki, kwenye nchi kame, ambako miamba ya tabaka imelala chini ya mchanga. Ila katikati ya miaka ya sabini zilikuja picha za aina mpya, zilizopigwa na setilaiti, na hakuna aliyejua kuzisoma vizuri. Mkubwa wetu, Bwana Rasmus, alikuwa mtaalamu wa miamba kutoka Ulaya. Alisema hawezi kupeleka watu jangwani kwa picha asiyoiamini. Alitaka ajaribu kwanza mahali penye milima, mito, na ramani ya zamani ya miamba ya kulinganisha. Akachagua kwetu. Tukapanga vyumba vitatu nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii.

Picha ilifika imekunjwa ndani ya bomba la karatasi ngumu. Tuliifungua mezani, tukaiinamia sote. Picha za ndege tulizozoea zilionyesha nyumba, zizi, hata ng'ombe kama punje ya mtama. Hii ilibeba nchi yote kutoka Ziwa Victoria mpaka karibu na Bonde la Ufa katika karatasi moja, na nchi yenyewe ilikuwa nyekundu.

Chifu mmoja aliyekuja kutusalimu aliitazama kwa muda. "Hii nyekundu ni ugonjwa au ni moto?"

"Ni majani, chifu," Rasmus akamjibu. Kiswahili chake alikipatia Tanzania na kilikuwa kisafi kuliko chetu, sisi tuliokipata darasani. "Jani lenye uhai hurudisha mwanga ambao jicho halioni. Wachapaji wameupa rangi nyekundu ili tuuone. Palipo pekundu zaidi pana majani mengi."

"Basi sisi ndio wekundu kuliko wote," chifu akasema, akaondoka ameridhika.

Na kweli. Kisii na Nyamira yote, ambayo wakati huo ilikuwa wilaya moja, ilikuwa nyekundu iliyokolea, chai na migomba na mahindi. Kusini mashariki wekundu ule ulikatika ghafla, kama nguo iliyokatwa kwa mkasi. Ng'ambo ya hapo rangi ilikuwa ya kijivu iliyopauka. Mpaka kati ya rangi hizo mbili ulikwenda kama umepigwa rula.

Rasmus aliweka kidole pale. "Ombati, huu unafikiri ni nini?"

Hapa nieleze jambo moja la kazi, kwa sababu habari yote inasimama juu yake. Wataalamu wa miamba hupaita ufa mahali ambapo ardhi ilikatika zamani na upande mmoja ukateleza. Ufa ni muhimu katika mafuta, kwa maana unaweza kuyazuia chini au kuyaachia yapotee. Kwenye picha, ufa mara nyingi huonekana kama mstari mnyoofu wenye aina moja ya ardhi huku na nyingine kule. Ukiuona kwenye picha tu, unauchora kwa vipande vipande. Ukiisha kwenda kwa miguu, ukavunja jiwe la huku na la kule na kuyatazama, ndipo unaruhusiwa kuunganisha vile vipande viwe mstari mzima. Vipande maana yake ni nadhani. Mstari mzima maana yake ni nimekanyaga. Hakuna anayeandika maneno hayo kwenye ramani. Msomaji anaamini.

Rasmus alichora mstari ule wa kusini mashariki kwa vipande, akanipa mimi niutembee pamoja na mingine kumi na mitatu. Nilikuwa bado kibarua. Aliniambia waziwazi kwamba ramani hii ikitoka vizuri ataniandika kazi ya kudumu, msomaji wa picha, na nitakwenda naye kaskazini. Nafasi ilikuwa moja. Niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Mimi si mtu wa shamba, na Kebirigo ilikuwa imeanza kunibana kama kiatu cha mdogo wangu.

Kumi na mitatu niliitembea. Nilipanda Manga, nikashuka mabonde ya Nyamira, nikavunja mawe mpaka mikono ikatoka malengelenge. Nilijifunza kwamba usimuulize mtu wa kijijini, "Njia ya mtoni ni hii?" Kwa heshima atakubali, hata kama ni ya kanisani. Muulize, "Njia ya mtoni ni ipi?" Na akikujibu "hapo tu," funga viatu vizuri na ubebe chakula.

Ule wa kumi na nne niliuacha mpaka mwisho. Ijumaa ya mwisho Landrova ilinishusha Masimba asubuhi ili niteremke mpaka mpakani na kurudi. Mvua ikaanza. Nilijibanza kwenye baraza la duka saa mbili, saa nne, saa sita. Kwetu ni Wasabato. Jua likizama Ijumaa kazi imekwisha, na mama alinitarajia nyumbani. Jumamosi ningekuwa kanisani. Jumatatu asubuhi Rasmus angekwenda Nairobi na ramani.

Nilitazama kule bondeni kulikojaa ukungu. Ng'ambo ile ilikuwa nchi ya Wamaasai na sikuwahi kuikanyaga. Wizi wa mifugo ulikuwapo, kila upande ukiulaumu mwingine, na mtoto wa kwetu alikua akiambiwa asivuke. Lakini niliijua. Ndivyo nilivyojiambia. Tangu nikiwa mdogo tata, baba yangu, alikuwa akisema nchi yetu inaishia pale kwa sababu udongo mzuri unaishia pale. Upande ule ni ardhi ya nyasi tu, haioti migomba. Kila mtu kwetu alisema hivyo, na picha ya setilaiti nayo ilisema hivyo. Nikaona mvua hainizuii kujua ninachokijua.

Nikatoa kalamu nikaunganisha vipande. Pembeni nikaandika herufi za jina langu.

Jumapili asubuhi nilipita ofisini. Mutiso alikuwa peke yake, ameinamia meza, anahamisha michoro yangu kwa wino kwenye karatasi ya mwisho. Alikuwa amemaliza yote isipokuwa ule mmoja.

"Huu uliukanyaga?" akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Nimeukanyaga, mzee."

"Lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa ilinyesha."

"Kule chini haikunyesha sana."

Akafunika chupa ya wino. "Upande wa pili jiwe gani?"

"La kijivu. Laini laini."

"Laini laini," akarudia, akavaa kofia. "Mimi napenda sana mawe ya kijivu. Nipeleke nikalione."

Njia nzima hadi Keumbu na kuendelea alitazama nje ya dirisha. Mimi nilizungumza mfululizo, habari za kanisa, bei ya ndizi, mpira. Masimba tulikuta soko. Mutiso alitaka mtu wa kutuvusha, akamwendea mwanamke aliyekuwa akipanga mikungu ya ndizi karibu na barabara. Jina lake Nyaboke, mjane wa makamo, mwenye sauti ya kusikika soko zima. Kila wiki alipeleka ndizi na sukari guru upande wa pili akarudi na maziwa na ngozi.

"Mnataka kwenda kwa nani?" akauliza.

"Kwa mawe," Mutiso akajibu.

Nyaboke alinitazama mimi. "Na huyu momura, kijana huyu, si wa kwetu? Si nilimwona hapa Ijumaa, amejikunyata barazani kama kuku aliyelowa, mpaka gari likaja kumchukua?"

Mutiso alijishughulisha na kamba za viatu vyake. Ningependa kuwaambia kwamba nilikiri hapohapo. Sikukiri. Nilisema, "Labda ulimwona mwingine."

"Labda," akasema Nyaboke. "Mwenye sura kama yako, mwenye mkoba kama wako."

Tuliteremka. Gari lilituacha njia ilipoisha, tukaendelea kwa miguu kati ya mahindi, kisha migomba, kisha ua la mwisho wa shamba la mwisho. Baada ya ua, hapakuwa na kitu. Namaanisha hapakuwa na bonde, wala genge, wala ngazi ya ardhi. Mahindi yaliishia kwenye ua, nyasi zikaanza upande wa pili wa ua huohuo. Nyaboke alivuka bila kupunguza mwendo.

Tulikwenda ng'ambo mpaka kwenye korongo ambalo ng'ombe walikuwa wamelichimba kwa ulimi wakitafuta chumvi. Mzee mmoja wa Kimaasai, mwenyeji wa Nyaboke, alikuwa amekaa juu yake akichunga. Jina lake ole Sironka. Nyaboke alimweleza shida yetu kwa Kimaasai chenye makosa mengi. Nilijua kwa jinsi mzee alivyokuwa akimsahihisha.

"Anasema," Nyaboke akatafsiri, "kama mmepoteza ng'ombe semeni, mawe hayapotei."

Mutiso alishuka korongoni. Kingo zake zilikuwa za udongo mwekundu wenye kina kupita urefu wa mtu, uleule tunaolima sisi. Chini ya udongo kulikuwa na jiwe jeusi gumu la volkano ya zamani. Akavunja kipande. Kisha, bila kusema, alirudi peke yake mpaka kwenye ua, akaingia upande wetu, tukasikia nyundo. Aliporudi mikono ilikuwa nyuma. Akaileta mbele, kila mkono na jiwe lake.

"Ombati. Lipi la kwenu?"

Nikayatazama. Nikayashika. Nikayalowesha kwa mate kama alivyonifundisha, kwa sababu jiwe lililolowa husema zaidi. Yalikuwa jiwe moja. Punje zilezile nyeupe, uzito uleule, mkato uleule.

"Hili," nikasema, nikichagua tu.

"Kwa nini?"

Nikalilowesha tena kwa mate.

Ole Sironka alisema kitu na Nyaboke akacheka mpaka akashika magoti. "Anasema kijana amechagua jiwe la kwake yeye mzee, la upande huu. Alimwona Mutiso akiliweka mkono huu."

Mutiso alikaa chini akafungua mkate wake. "Picha haikuona mwamba hapa," akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Iliona jembe huku na ng'ombe kule. Huku mnapanda, kule wanachunga na kuchoma nyasi. Mwamba haujui mpaka wenu. Bwana Rasmus kukosea ni haki yake, yeye mgeni, na alichora vipande. Wewe ulichora mzima."

"Nilifikiri najua, mzee."

"Hilo nalijua." Akanikatia mkate. "Kule kaskazini kuna mstari kama huu. Ameuona kwenye picha. Anasubiri huu wetu ili auamini ule. Akiuamini, watu watakata njia huko porini miezi mingapi sijui, kupima ufa ambao pengine ni malisho ya ukoo mmoja na ukoo mwingine. Mimi sitamwambia. Jina kwenye mstari ni lako."

Usiku ule Mutiso alitia wino mstari wa mwisho, mzima kama nilivyouchora, na Jumatatu nilimkuta Rasmus akipakia gari. Nilimwambia yote, mvua, baraza, tata, korongo, mawe mawili. Alisikiliza amesimama, bomba la ramani kwapani.

"Na ile mingine kumi na mitatu?"

"Niliitembea, bwana. Yote."

"Nitajuaje?"

Vijana, nimeulizwa maswali mengi na wakubwa wengi, hakuna jingine lililonikaa hivyo. Malengelenge yangu, viatu vilivyochanika, wiki zote zile, hakuna hata kimoja kilichoonekana kwenye karatasi. Kilichoonekana ni mistari kumi na minne mizima iliyofanana, na mmoja ulikuwa wa uongo.

Rasmus alirudi ndani, akatandaza ramani, akanipa wembe. Kama hamjui, wino kwenye ile karatasi ngumu haufutwi, unakwanguliwa, polepole, ukikaza mkono utatoboa kazi ya wiki nzima. Ule mmoja nilikwangua wote. Ile kumi na mitatu nilikwangua mapengo, kidogo kidogo, mpaka yote ikarudi kuwa vipande. Nilimaliza alasiri. Mutiso alikuwa meza ya pili na hakunisaidia.

"Nairobi nitawaambia ramani haijawa tayari," Rasmus akasema. "Una wiki tatu. Nafasi ile wameniomba nimpe mtu mwingine. Sijajibu."

Nilianza upya na Manga. Safari hii kila nilipovunja jiwe nilibeba vipande viwili, cha huku na cha kule, nikavifunga kwenye gazeti na kuandika mahali. Mkoba ulikuwa mzito kama wa mwizi wa kokoto. Watu walionikumbuka waliniuliza nimepoteza nini. Mama alinipikia bila kuuliza kitu, na tata, nilipomwambia udongo hauishii pale, alifikiri kidogo akasema, "Basi mbona hawalimi?" Nikamwambia wana ng'ombe. Akasema hilo si jibu.

Mpaka wiki ya tatu nilikuwa nimemaliza kumi na miwili. Wa kumi na tatu ulivuka mto Gucha. Upande wa kwanza nilikuwa na jiwe mkononi. Upande wa pili niliuona, si mbali, genge jeusi ambalo lilionekana kama nilivyolikumbuka. Mara ya kwanza nilivuka kwa kukanyaga mawe. Sasa mto ulikuwa umejaa, maji rangi ya chai ya maziwa, yamebeba magogo. Nilisubiri siku mbili. Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa.

Jumapili niliweka ramani mezani na mkoba wa mawe sakafuni. Rasmus hakugusa mawe. Alipita mstari mmoja mmoja kwa kidole, mzima, mzima, mzima, akafika Gucha.

"Huu ni wa vipande."

"Ndiyo, bwana."

"Mwezi uliopita uliniambia uliutembea."

"Niliutembea. Lakini sikuleta jiwe la ng'ambo. Safari hii mto ulijaa, sikuvuka."

"Una hakika ni ufa?"

"Nina hakika. Ila sina jiwe."

Akainua kidole. Kisha akavuta karatasi ya barua, akachomeka kwenye mashine ya kupiga chapa, akamwuliza Mutiso jina langu la pili linaandikwaje. Mutiso alimtajia herufi moja moja, akainamia tena wino wake.

Ramani ilikwenda Nairobi hivyo. Wiki mbili baadaye nilikuwa kwenye lori la Garissa na sikupata nafasi ya kurudi mtoni. Miaka yote niliyofanya kazi sikusikia mtu aliyetumwa kuvuka pale, kwa hiyo kwenye ramani ile, popote ilipo, mstari wa Gucha bado ni wa vipande.